Kanada 3-2 Marekani: walitupiga Montreal, tumewafuata Boston

Jani_Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mliokesha mnajua kwa nini naandika na macho mekundu hivi. Mliolala, habari ndiyo hiyo hapo juu: fainali ya hoki ya barafuni, Kanada 3, Marekani 2, goli la dakika za nyongeza, ndani ya TD Garden pale Boston, mbele ya mashabiki wao wenyewe. Mfungaji Connor McDavid. Kombe la 4 Nations Face-Off, mashindano ya Kanada, Marekani, Uswidi na Ufini, limeshavuka mpaka kuelekea kaskazini.

Tangu Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025 sikuwa na raha. Walitupiga 3-1 Montreal, nyumbani, na kabla paki, kile kisahani kinachopigwa kwa magongo, haijazunguka uwanja walishatuanzishia ngumi. Sekunde 9 za mwanzo, mapambano matatu, wa kwanza wao na wa pili wetu: Matthew Tkachuk na Brandon Hagel, mdogo wake Brady Tkachuk na Sam Bennett, halafu J.T. Miller na Colton Parayko. Watani wakanitumia video ile asubuhi, mchana na usiku. Kuna mmoja aliifanya hadi picha ya wasifu wake. Leo namtafuta, hapatikani.

Sasa niseme langu kabla hamjaanza kumwimba McDavid peke yake. Goli ni lake, sibishi. Ushindi ni wa kipa wetu, Jordan Binnington. Mechi ilikuwa 2-2 tangu kipindi cha pili, kipindi cha tatu kikaisha bila goli, tukaingia kwenye nyongeza ambapo anayefunga kwanza ndiye anaondoka na kombe. Mnakumbuka Wamarekani walivyotubana mwanzoni mwa nyongeza ile? Auston Matthews alipata nafasi ambazo kwenye ligi huwa anafunga amefumba macho. Binnington akazizima. Brady Tkachuk naye akaja, akazimwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti nikiangalia kwa jicho moja. Moja tu kati ya zile ingeingia, hapa leo tungekuwa tunasoma uzi wa Wamarekani.

Alizuia mashuti 31 usiku ule. Huyu ndiye kipa ambaye kabla ya mashindano kila mchambuzi alikuwa anamtaja kama tundu la kikosi.

Karibuni tuzungumze. Wenye kununa nao wakaribie.

Nyota_na_Milia

Nimekuja mwenyewe kabla hamjaniita. Hongereni.

Ila tusidanganyane mkuu. Charlie McAvoy, beki wetu wa kutegemewa, alikuwa nje kwa jeraha, tena uwanja wa klabu yake. Quinn Hughes hakufika kabisa kwenye mashindano. Matthew Tkachuk alianza mechi akiwa hayuko sawa, na kufikia mwisho hayupo tena barafuni. Kwa kikosi hicho bado mkahitaji nyongeza. Na mashuti mengi yalikuwa yetu.

Jani_Jekundu

@Nyota_na_Milia karibu mtani, nilijua utaanza na orodha ya wagonjwa. Montreal sisi tulicheza bila Cale Makar, alikuwa anaumwa. Ulimtaja hata mara moja Jumamosi ile? Ulikuwa unatutumia video za ngumi.

Halafu huyo Jake Sanderson aliyewafungia la pili aliingia kikosini kuziba pengo la Hughes, na fainali akapangwa kwa sababu ya McAvoy kuumia. Pengo lenu ndilo lililotufunga, sasa unalalamikia nini?

Nyota_na_Milia

Hahaha hapo umenikamata.

Mgeni_Barafuni

Wakuu samahani, mimi ni mgeni kwenye mchezo huu, niliunganishwa na hizo video za ngumi. Naomba kueleweshwa. Refa anaona watu wanapigana kabisa, anasimama pembeni anaangalia? Halafu wanarudi kucheza? Mpira wa miguu hiyo ni kadi nyekundu na kifungo juu.

Fundi_wa_Magongo

@Mgeni_Barafuni karibu sana. Kwa sheria za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, na mashindano haya yalitumia sheria hizo, anayepigana anakwenda kukaa benchi la adhabu dakika 5. Wakipigana wawili wanakwenda wote wawili, kwa hiyo timu zinabaki na idadi ileile ya watu barafuni. Waamuzi wa pembeni wanawaacha mpaka mmoja aanguke au wakamatane wasiweze kurusha tena, ndipo wanaingilia. Ukiwaingilia mapema, mmoja ameshikwa mikono na mwenzake bado anarusha, unakuwa umemsaidia mtu kupigwa. Kwenye Olimpiki ni habari nyingine, huko ukipigana unatolewa mchezoni.

Mengine kwa kifupi. Kila timu ina watu 5 na kipa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na saa inasimama mchezo ukisimama. Wachezaji wanapishana kila baada ya sekunde kama 40 au 50 bila kusubiri refa, maana mbio zile hakuna pafu linaloweza kuzistahimili kwa dakika nzima. Paki ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana inchi 3, unene inchi 1, uzito karibu gramu 170. Inagandishwa kabla ya mechi ili isidundedunde. Ndiyo maana kipa amevaa vile.

Ngumi zina historia yake na zina wapinzani wake, mimi nikiwa mmojawapo. Ila zile za Montreal hazikuwa hasira za mchezo. Matthew Tkachuk alisema mwenyewe baada ya mechi kwamba walipanga kabla, kwenye kundi lao la ujumbe.

Mgeni_Barafuni

Walipanga?! Kama harusi?

Dada_Kipa

@Mgeni_Barafuni ndiyo, mdogo wangu, walipanga. Na fainali hatukuona hata ngumi moja, kwa sababu kila mtu alijua dakika 5 za kukaa benchi fainali ni za kujutia. Jumamosi walikuwa wanatafuta kuogopwa. Alhamisi walikuwa wanatafuta kombe.

Nirudi kwa mleta uzi. Umenifurahisha kumtaja Binnington, maana mimi nimecheza langoni na najua watu wanavyotusahau. Lakini umeacha kitu kikubwa. Jengo lile la Boston analijua. Januari 2019 timu yake ya St. Louis Blues ilikuwa mkiani mwa NHL nzima, yeye hata jina hana. Wakampa lango. Juni mwaka huohuo wakacheza mechi ya saba ya fainali ya Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, dhidi ya Boston Bruins, hapohapo TD Garden, wakashinda 4-1. Kipindi cha kwanza cha mechi ile Bruins walimshambulia kama mvua na hawakupata kitu. Kwa hiyo watu waliokuwa wanauliza kama ataweza presha ya Boston, jibu lilikuwepo miaka 6 nyuma.

Kingine ambacho asiyecheza langoni hakioni: mtazameni miguu yake kwenye zile nafasi za Matthews. Hakurukaruka. Kipa mwenye wasiwasi anajitupa mapema, mshambuliaji anasubiri anyanyuke kisha anapiga juu. Binnington alikuwa anateleza hatua fupi kufuata paki, mabega wima, glovu iko mbele. Matthews hakuonyeshwa pa kupiga. Yule mtu ana mkono wa haraka kuliko karibu kila mtu kwenye ligi, ukimpa nafasi ndogo tu umekwisha.

Bingwa_wa_Takwimu

Naunga mkono hoja. Ila tuzo ya mchezaji bora wa mashindano amepewa Nathan MacKinnon, magoli 4 likiwemo la kwanza la fainali. Mimi naona ni halali. Kipa wetu mechi za mwanzo hakuwa na maajabu. Na Uswidi tuliwafunga 4-3 kwenye nyongeza, Ufini 5-3. Hesabuni tulichoruhusu.

Dada_Kipa

@Bingwa_wa_Takwimu Ufini tulikuwa tunaongoza 4-0, watu wakaanza kutembea. Usimbebeshe kipa mzigo wa mabeki waliokwisha kuoga kichwani.

Bingwa_wa_Takwimu

"Waliokwisha kuoga kichwani" 😂😂 naichukua hiyo.

Kona_ya_Toronto

Mimi ni wa Maple Leafs, klabu ya Toronto wanayochezea Marner na Matthews, kwa hiyo furaha yangu ina tatizo lake. Nisikilizeni.

Goli la ushindi nimelitazama mpaka mke wangu amenitishia kuzima intaneti. Paki inarushwa eneo la Marekani, sisi tunaipata. Mitch Marner anaichukua upande wa kulia, karibu na ukuta. Wamarekani wote macho kwa Marner. Katikati, mbele ya lango kabisa, amesimama Connor McDavid. Peke yake! Mtu ambaye kocha yeyote duniani akiamka usiku wa manane anaulizwa yuko wapi, wamemwacha peke yake. Marner anamtolea pasi, McDavid hana papara, anaitazama, anapiga juu. Connor Hellebuyck, kipa aliyebeba tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa NHL, mwaka 2020 na 2024, hakuigusa.

Na mmoja wa waliokuwa karibu na tukio lile ni Matthews wetu. Marner wetu anatoa pasi, Matthews wetu anaangalia. Wiki ijayo wanavaa jezi moja. Mimi nafurahi kwa lipi, nalia kwa lipi?

Marner ndiye pia aliyempasia Bennett kwenye goli la pili, na ndiye aliyewamaliza Uswidi kwenye nyongeza. Huyu ndiye tunayemzomea kila mtoano kwamba mechi kubwa zinamshinda.

Nyota_na_Milia

@Kona_ya_Toronto nyie hamjabeba Kombe la Stanley tangu 1967, hata mkifurahi hamjui inafanywaje. Kaa pembeni uwaangalie wenzako.

Kona_ya_Toronto

Nimekaa, mkuu. Nimezoea.

Mpenda_Mjadala

Samahani kwa kumwaga maji kwenye sherehe. Hili ni bonanza. Timu nne, wiki moja na kidogo, limewekwa mahali pa mechi ya nyota wote wa ligi. Urusi hawamo, Wacheki hawamo. Mnashangilia kana kwamba mmebeba Olimpiki.

Jani_Jekundu

@Mpenda_Mjadala bonanza watu wanapigana sekunde ya pili? Bonanza mtu anajirusha mbele ya shuti la kilomita 150 kwa saa?

Tuhesabu pamoja. NHL haikupeleka wachezaji Olimpiki ya 2018, na 2022 vilevile. Mara ya mwisho wakubwa wote kukutana kwenye Olimpiki ni Sochi 2014. Kombe la Dunia la 2016 lilikuwepo, ila vijana wa miaka 23 kushuka chini wa Kanada na Marekani waliwekwa timu moja ya Amerika Kaskazini. McDavid alikuwa nahodha wa timu ile, na Matthews alikuwa naye. Ndiyo, hawahawa! Kwa hiyo mchezaji bora wa kizazi hiki amefika umri wa miaka 28 bila kuvaa jezi ya Kanada kwenye mashindano yenye wakubwa wote. Halafu unamwambia hili ni bonanza.

Na yeye ndiye ambaye Juni iliyopita alipoteza mechi ya saba ya fainali ya Stanley kwa goli moja dhidi ya Florida. Wakamtangaza mchezaji bora wa mtoano, hakutoka chumbani kuichukua tuzo. Mtu wa namna hiyo anajua tofauti ya kombe na bonanza.

Mpenda_Mjadala

Sawa, nakubali wachezaji walicheza kwa moyo. Bado nasema bila Urusi na Wacheki usiniambie ni ubingwa wa dunia.

Fundi_wa_Magongo

Hakuna aliyesema ni ubingwa wa dunia. Tumesema tumempiga mtani. Hivyo ni vitu viwili tofauti na cha pili ni kitamu zaidi.

Babu_Magongo

Vijana, mmenikumbusha mbali. Utani huu msidhani umeanza na akina Tkachuk.

1996 Wamarekani walitukalia kooni kwenye Kombe la Dunia. Mechi ya tatu, ya kuamua, Montreal, tunaongoza 2-1 zikiwa zimebaki dakika chache. Wakafunga manne. 5-2. Kipa wao Mike Richter alikuwa ukuta. Sikula chakula cha jioni.

2002 Salt Lake City ndipo tulipolipa. Olimpiki, fainali, tena kwao: 5-2 yetu. Dhahabu ya kwanza ya wanaume tangu 1952. Na kuna kisa chake: fundi wa barafu pale uwanjani alikuwa Mkanada, akaficha sarafu ya dola moja ya Kanada chini ya barafu, katikati kabisa ya uwanja. Ikawa siri. Dhahabu zikaja mbili, ya wanawake na ya wanaume, zote kwa kuwafunga Marekani juu ya sarafu ile. Baadaye iliwekwa makumbusho.

2010 Vancouver ndiyo baba lao. Tunaongoza 2-1, zimebaki sekunde 24, Zach Parise anasawazisha. Uwanja mzima ukapoa. Nyongeza. Sidney Crosby akampa paki Jarome Iginla pembeni, akakimbilia lango huku akimwita kwa sauti. Iginla amelala chini tayari, amesukumwa, bado akaipenyeza. Crosby, goli, 3-2. Na niwaambie vijana msiojua: baba yake Iginla ni Mnigeria. Pasi ya goli maarufu kuliko yote ya Kanada katika miaka 50 imetoka kwa mtoto wa Mwafrika, na leo yumo kwenye ukumbi wa wakongwe wa mchezo huu.

Tazama sasa: 2010 ni 3-2 kwenye nyongeza. 2025 ni 3-2 kwenye nyongeza. Crosby alikuwa na miaka 22 wakati ule. Juzi alikuwa nahodha, miaka 37, anateleza mzunguko na kombe mikononi. Nilimtazama kuliko nilivyomtazama McDavid.

Mgeni_Barafuni

Babu hii ya sarafu ni kweli au kamba?

Babu_Magongo

Kweli tupu, mjukuu wangu. Wayne Gretzky, aliyekuwa anaongoza kikosi kile, ndiye aliyeitoa hadharani baada ya mechi.

Bingwa_wa_Takwimu

Naongezea ya Babu: goli la Crosby liliingia dakika ya 7 na sekunde 40 ya nyongeza. La McDavid dakika ya 8 na sekunde 18. Wamarekani inaonekana wakipita dakika ya 7 betri zinaisha.

Nyota_na_Milia

Mbona Sochi 2014 huisemi? Nusu fainali, goli moja tu, la Jamie Benn. Mechi ile betri zetu zilikuwepo, bahati ndiyo haikuwepo.

Jani_Jekundu

@Nyota_na_Milia umejikumbushia mwenyewe, mimi sikuwa na mpango.

Sauti_ya_Mtaa

Jamani mnaongea mchezo tu wakati kila mtu anajua mechi hii ilikuwa zaidi ya mchezo. Rais wa Marekani anasema Kanada iwe jimbo la 51, vitisho vya ushuru kila siku. Montreal waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Asubuhi ya fainali Trump aliipigia simu timu yao. Baada ya goli la McDavid, Trudeau, Waziri Mkuu wa Kanada wakati ule, akaandika kwamba nchi yao haichukuliki na mchezo wao hauchukuliki. Hata mwimbaji aliyeimba wimbo wa Kanada pale Boston alibadilisha neno makusudi. Semeni na hayo.

Jani_Jekundu

@Sauti_ya_Mtaa ni kweli, na sitajifanya sikuhisi. McDavid alipofunga kuna watu wasiojua hata mistari ya uwanja ule ina kazi gani waliokuwa wanalia mtaani Kanada. Ushindi ule uliwapa watu kitu cha kushika katika majira mabaya.

Lakini kuzomea wimbo wa taifa mimi sikukupenda, Montreal wala Boston. Waliokuwa wamesimama kwenye mstari ule ni vijana wanaocheza pamoja msimu mzima. Brad Marchand, mchezaji wetu, juzi alikuwa anacheza dhidi ya mashabiki wanaomwita nahodha wao! Wakati wa fainali ile yeye ndiye alikuwa nahodha wa Bruins. Bennett na Matthew Tkachuk wamebeba Stanley pamoja Florida Juni iliyopita, na Bennett huyohuyo akapigana na mdogo wake Matthew. Hao ugomvi wao unaishia kengele ikilia.

Msimamizi_wa_Jukwaa

Siasa tumezigusa, inatosha. Kuna jukwaa lake. Hapa tuendelee na magongo.

Mlinda_Lango_Mstaafu

Nimechelewa. Mimi na Dada_Kipa tunakubaliana kwa mengi, ila nimtetee Hellebuyck kidogo kwa sababu naona anapondwa. Goli la MacKinnon lilimpita akiwa amezibwa macho, mbele yake pana msitu wa miguu. La Bennett ni karibu mno na lilikwenda juu. La McDavid mmeshaeleza. Nionyesheni la uzembe hapo. Kipa wa hoki anaweza kucheza vizuri akapoteza, na yule mwingine akacheza vizuri akaonekana mungu. Tofauti yao usiku ule ni kwamba mabeki wa Kanada hawakumwacha mtu peke yake katikati kwenye nyongeza. Matthews alipata nafasi lakini za pembeni au za kubanwa. McDavid alipata nafasi ya mazoezini.

Dada_Kipa

@Mlinda_Lango_Mstaafu nakubali kasoro moja. Ile moja ya Matthews haikuwa ya pembeni hata kidogo kaka. Rudi kaitazame.

Mlinda_Lango_Mstaafu

Nimerudi. Umeshinda. Ile ilikuwa goli.

Kona_ya_Toronto

ILE ILIKUWA GOLI. Na nilimshukuru Mungu haikuingia, halafu nikakumbuka ni mchezaji wangu, nikajichukia.

Binti_wa_Poulin

Nimesoma uzi wote mpaka hapa, nimesubiri mtu awataje wanawake, wapi. Mnazungumzia utani wa Kanada na Marekani kana kwamba wanaume ndio wanaoubeba. Wanaume hukutana kwa bahati. Wanawake hukutana fainali karibu kila Olimpiki, na hakuna anayempenda mwenzake.

2010 Kanada. 2014 Kanada. 2018 Marekani kwa penalti. 2022 Kanada. Zote fainali, zote wao kwa wao. Na Marie-Philip Poulin wa Kanada amefunga katika fainali zote nne. Zote! Niambieni mwanaume gani amefanya hivyo.

Mkitaka moyo usimame, tafuteni Sochi 2014. Marekani wanaongoza 2-0, zimebaki dakika tatu na ushee. Kanada wanapata moja. Wanamtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji, lango limebaki tupu. Mmarekani anaokoa paki kutoka mbali, inateleza barafu nzima peke yake kuelekea lango lile tupu, polepole, hakuna mtu wa kuifikia. Inagonga mwamba. Mwamba! Ingepita upande wa ndani wa chuma kile mechi imekwisha. Paki inarudi mchezoni, zimebaki sekunde 55, Poulin anasawazisha. Nyongeza, Poulin tena, 3-2.

3-2 kwenye nyongeza, mnaiona? McDavid na Crosby wanapita njia ambayo dada yao ameshaipita.

Jani_Jekundu

@Binti_wa_Poulin dada, hapa umenifunga mdomo kwenye uzi wangu mwenyewe. Naomba uweke uzi maalumu wa fainali hizo, tutakuja wote.

Nyota_na_Milia

@Binti_wa_Poulin ile ya mwamba sijawahi kupona. Naomba tuiache.

Mgeni_Barafuni

Nimeitafuta hiyo ya 2014 sasa hivi. Wakuu nimepiga kelele mpaka jirani amegonga ukuta. Ilikuwaje haikuingia?? Na Olimpiki ijayo hawa wanaume wa NHL watakuwepo au watagoma tena?

Fundi_wa_Magongo

@Mgeni_Barafuni watakuwepo. Milano na Cortina, Italia, Februari 2026. NHL imeshakubali kuwaachia.

Nyota_na_Milia

McAvoy atakuwa amepona. Hughes atakuwa amepona. Na tunamkaba McDavid kuanzia anaposhuka kwenye basi.

Jani_Jekundu

Mkabeni. Marner atatafuta mwingine wa kumpasia. Na wewe mwenye ile picha ya wasifu ya ngumi, nimeona umeibadilisha usiku, umeweka ua. Ingia uzini tukupokee.